Tundu la Mikate na Mlango wa Kiapo

Imepokewa kutoka kwa watu wa zamani, waliokuwa wakiyapima maneno yao kabla ya kuyatoa vinywani, kwamba katika mji mdogo wa Rashwana, uliokuwa njiani mwa misafara kati ya jangwa na milima, aliishi mama mmoja mchamungu aitwaye Bibi Lubaba binti Sinan, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mjane, mtu mzima, mfupi wa kimo, mikono yake imejaa makovu ya moto wa tanuri, na ulimi wake haukujua kumung'unya maneno. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate ya mafukara.

Tanuri lile lilikuwa wakfu wa zamani, na unga wake ulitoka katika baitulmali ya mji. Aliyeliweka wakfu alikuwa mama mmoja tajiri ambaye alijua jambo ambalo matajiri wengi hawalijui, kwamba njaa huuma tumbo, lakini kuonekana una njaa huuma zaidi. Basi akaamrisha ukuta wa nyuma wa tanuri utobolewe tundu, kiasi cha mkono mmoja kupita na si zaidi, lielekee uchochoro usio na mlango wa nyumba yoyote. Kila siku baada ya sala ya Alfajiri mwenye haja hupita pale, huingiza mkono, hupewa mkate, huenda zake. Mwokaji haoni uso, na mpokeaji hasemi neno, ili hata sauti yake isijulikane. Na watu wa Rashwana, kwa adabu waliyoirithi, hawakupita uchochoro ule saa ile ila kwa haja ya mkate. Ukimkuta mwenzio amekutangulia, unageukia ukutani mpaka aondoke.

Bibi Lubaba alifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nyuso za maskini wa mji wake hakuzijua, lakini mikono yao aliijua. Alijua mkono wa mama anayenyonyesha, unaonuka maziwa. Alijua mkono wa mpasua mawe, wenye kucha zilizopasuka. Ulikuwepo mkono mmoja wa mtu mzima, safi siku zote, wenye kidole kidogo kilichowahi kuvunjika kikaunga vibaya, kikapinda kuelekea kiganjani. Mkono huo ulikuja kila asubuhi ukiwa wa mwisho, kama kwamba mwenyewe anangoja ahakikishe hakuna mwingine wa kupunjika. Lubaba husema "Bismillahi," huuweka mkate, na mkono huondoka. Basi. Na mkono mgeni ulipokuja kwa mara ya kwanza alikuwa akiujua kwa kutetemeka kwake, naye huuwekea mkate upesi ili usidhalilike kwa kungoja.

Ikawa mwaka mmoja mafuriko yalibomoa daraja la kaskazini, na misafara ikahamia njia nyingine. Ushuru wa lango ukapungua, kisha ukakatika kabisa. Wakati huohuo Wali wa mji, Jundub bin Harb, alikuwa amekwisha kuanza kujenga ukumbi mpya wa kupokelea wageni wakubwa, wenye sakafu ya marumaru iliyoletwa kutoka nchi ya mbali, na katika zizi lake mlikuwa na farasi weupe wa kutembezwa siku za sikukuu. Mwekahazina wa mji, mzee aitwaye Asbagh, akaenda barazani akasema kwamba baitulmali ina nakisi kubwa, na mambo yakiendelea hivyo mji hautafika mavuno.

Baraza likakaa, likajadili, likanywa sharubati na kujadili tena. Hakuna aliyeitaja marumaru, kwa sababu Wali alikuwa ameketi juu ya bamba lake moja, alilolifanya kiti. Hakuna aliyewataja farasi. Kila aliyesema aliuzunguka ukweli kama mtu anayezunguka dimbwi kwa kuogopa kulowesha kanzu, mpaka mmoja wao akautaja unga wa tanuri la mafukara, na wote wakashusha pumzi, kwa kuwa hatimaye kimepatikana kitu kisicho na mwenyewe wa kukitetea.

Wakati ule Kadhi wa mji alikuwa Muhallab bin Qays, mtu mwenye elimu na mwenye kupenda mambo yanyooke. Hakuwa mtu mbaya, na ni lazima tuseme hivyo kwa uadilifu. Yeye akasema, "Kulifunga tanuri ni haramu, hilo ni wakfu. Lakini ni nani ajuaye anayepewa mkate kupitia tundu lile? Huenda wenye kushiba wanaingiza mikono. Tuzibe tundu, tufungue mlango upande wa sokoni, na anayetaka mkate apite mlangoni mchana kweupe, aape mbele ya karani wangu kwamba ni fukara. Mustahiki wa kweli hataogopa kuapa kwa jambo la kweli."

Maneno yakawapendeza. Kadhi mwenyewe akatunga kiapo: "Wallahi, mimi sina cha kula, wala sina kitu nyumbani mwangu ninachoweza kuuza ili nile." Mafundi wakaja wakaziba tundu kwa matofali, wakafungua mlango mpana unaotazama soko, na karani akawekwa pale na msahafu juu ya mto wa hariri.

Bibi Lubaba aliposikia alifunga mtandio wake akaenda kwa Kadhi. "Shekhe wangu," alisema, "mlango huu hatapita mtu."

"Mwenye njaa atapita, Bibi Lubaba."

"Mwenye njaa na asiye na haya atapita. Na wenye haya, je?"

Kadhi akatabasamu kwa upole, namna wanavyotabasamu wanaojua kwamba uamuzi umeshatiwa muhuri. "Kusema kweli si jambo la kuonea haya," alisema, akamwombea dua njema, akarudi kwenye kitabu chake.

Ikawa kama alivyosema Lubaba. Siku za kwanza walikuja ombaomba wawili watatu wa sokoni, wanaojulikana na kila mtu, waliokuwa wakiapa hata pasipo kuulizwa. Baada yao, hakuja mtu. Mlango ukabaki wazi tangu asubuhi mpaka alasiri, karani akisinzia kando ya msahafu. Mama mwenye mkono wa maziwa hakuja. Mpasua mawe hakuja, kwa kuwa soko zima lilimjua na mwanawe alikuwa akitafuta mchumba. Unga ukabaki katika magunia. Habari zikapelekwa barazani, nalo baraza, badala ya kuingiwa na hofu, likafurahi. Wali Jundub akainua mikono akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe mji wetu hauna mafukara. Tulikuwa tunaibiwa tu." Na kuanzia siku hiyo unga wa tanuri ukapunguzwa, ukawa wa kulisha wale ombaomba peke yao.

Ndugu zangu, haya ni makosa ambayo wanaweza kuyafanya watu walioshiba pekee. Waliweka kizingiti mbele ya wenye njaa, na walipoona hakuna anayekiruka, wakamshukuru Mungu kwamba njaa imekwisha.

Siku moja Bibi Lubaba alikuwa sokoni akipita mbele ya muuza maji. Akaona mtu ananyoosha mkono kupokea kikombe, na kidole kidogo cha mkono ule kimepinda kuelekea kiganjani. Akainua macho bila kukusudia, akamwona mwenye mkono.

Lubaba hakulitaja jina lake mpaka alipokufa, na wapokezi hawakulipokea, nasi tutamwita Mwalimu tu, kwani ndivyo alivyokuwa. Ndiye aliyewafundisha Kurani nusu ya wanaume wa Rashwana, na miongoni mwao ni Kadhi Muhallab mwenyewe, aliyeshikwa mkono na kuongozwa kuandika alifu yake ya kwanza kwa kidole kilekile kilichopinda. Uzee ulipompunguzia sauti, wanafunzi walihamia kwa walimu vijana, na hakuna aliyejiuliza anakula nini. Kanzu yake ilikuwa safi. Ilimpwaya mabegani kama iliyoanikwa kwenye kigingi.

Mwalimu naye aliona kwamba ametambuliwa. Akauingiza mkono ndani ya mkono wa kanzu.

"Assalamu alaykum, mwalimu wetu," alisema Lubaba, akitazama chini.

"Wa alaykumu salaam, binti Sinan."

Lubaba akatafuta njia. "Mwalimu, nina nadhiri ya kulisha mwenye kuhifadhi Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Ningependa unipokelee nadhiri yangu, nipate thawabu."

"Mungu akutakabalie," alisema mzee. "Lakini nadhiri yako wape wenye haja, binti yangu. Mimi Mwenyezi Mungu amenitosheleza." Akamrudishia muuza maji kikombe chake, akaondoka pole pole, akigusa ukuta kwa bega.

Lubaba akarudi tanurini, akakaa juu ya gunia tupu, akalia kwa hasira. Palikuwa na mama mwenzake aliyemsaidia kukanda unga, jina lake Zubda, mtu wa mzaha mwingi. Zubda akamwona akasema, "Umeunguza mikate au umeungua wewe?"

"Zubda, mji huu unaua watu kwa adabu," alisema Lubaba. "Kesho ni Ijumaa. Kesho nalibomoa tundu."

"Watakufunga."

"Wanifunge."

"Na unga utautoa wapi? Unga wa baraza hautoshi hata kunguru."

"Nina gunia langu nyumbani, na wewe una lako."

Zubda akaangua kicheko. "Kumbe nimeshashtakiwa na mimi kabla sijajua," alisema. Akaenda kulileta gunia lake.

Asubuhi ya Ijumaa, baada ya Alfajiri, Bibi Lubaba alichukua ule mti mrefu wa kutolea mikate tanurini, akaugeuza, akaanza kuyapiga matofali kwa upande wa mpini. Aligonga kwa nguvu zote, na kila alipogonga alisema "Ya Fattah," Ewe Mfunguzi, mpaka tofali la kwanza likaanguka upande wa pili, likafuatwa na mengine. Mwanga wa asubuhi ukapita. Mikate ya kwanza ikatoka. Na wallahi haukupita muda mrefu mkono ukaingia, wenye harufu ya maziwa, umekonda. "Bismillahi," alisema Lubaba, akauwekea mkate. Ukaja wa mpasua mawe. Ikaja mikono ambayo hakuwahi kuiona, inayotetemeka, kwa kuwa njaa ilikuwa imeongeza watu katika kipindi kile mji uliposema hauna mafukara.

Aliungojea mkono wenye kidole kilichopinda, ambao daima huja mwisho. Lakini kabla haujaja ziliingia sauti za viatu, na askari wa Wali, waliosikia kelele za matofali, wakasimama mlangoni. Wale waliokuwa uchochoroni wakatawanyika. Lubaba akatolewa nje akiwa na unga mpaka kwenye nyusi, na mti wake wa mikate hakuuachia. Askari hawakujua waunyang'anye vipi bila kuonekana wanapigana na mwanamke mtu mzima, kwa hiyo wakamwacha nao.

Wali Jundub alikuwa amekusudia kuuhutubia mji siku ileile baada ya sala ya Ijumaa, ili kutangaza kodi mpya. Akaona ni vizuri Lubaba naye aletwe pale pale katika ua wa msikiti, watu wapate funzo. Watu wakakaa kwa safu, wanawake upande wao chini ya kivuli cha ukumbi. Safu ya mbele, kama ilivyo desturi ya kuwaheshimu waliofundisha, alikaa Mwalimu, mgongo wake umeegemea nguzo, mikono yake yote miwili imo ndani ya kanzu. Midomo yake ilikuwa imekauka. Lubaba alimwona mara moja, kisha akayaondoa macho yake asije akamfichua kwa kumtazama.

Wali akasimama. Akaeleza habari ya daraja, na misafara, na nakisi ya baitulmali. Akasema kwamba mji umekuwa mhitaji, na kila nyumba yenye jiko itatoa sehemu ya nafaka yake kuusaidia. "Najua ni mzigo," alisema, "lakini Mungu ametujaalia mji usio na mafukara. Mlango wa sadaka uko wazi na hakuna anayepita. Basi kila mtu anacho cha kutoa."

Ua ukavuma kwa manung'uniko, na hakuna aliyesimama. Ndipo Kadhi akamwita Lubaba.

"Bibi Lubaba, umebomoa ukuta uliojengwa kwa amri ya baraza. Unakiri?"

"Nimebomoa matofali, Shekhe wangu. Ukuta nimeukuta na tundu lake, liliwekwa na mwenye wakfu kabla baba yako hajazaliwa."

Watu wakacheka chini chini. Kadhi hakukasirika. "Unasema wako wenye njaa katika mji huu?"

"Wako."

"Wamekuja leo?"

"Wamekuja."

"Basi mambo ni mepesi," alisema Kadhi, na alisema kwa nia safi. "Nitajie mmoja. Mtu mmoja tu, mwenye stahi, asiye ombaomba wa sokoni, aliyelala na njaa kwa sababu ya mlango wetu. Ukimtaja nikamwona, mimi mwenyewe nitalifungua tundu kwa mikono yangu, na wewe huna kosa. Usipomtaja, itabidi nikuhukumu, na ufunguo wa tanuri upewe mtu mwingine."

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wa Bibi Lubaba, na mtihani huo ulikuwa mzito kuliko kufungwa. Mtu huyo alikuwa hatua chache mbele yake. Ilitosha kunyoosha kidole tu, na kila mkono wa Rashwana ungepata mkate wake kuanzia kesho. Nafsi ikamwambia: mtu mmoja ataaibika, na mji mzima utashiba. Akainua macho, akaona jambo lililomtia baridi. Mwalimu alikuwa ameanza kujiinua. Mkono wake mmoja ulikuwa umetoka ndani ya kanzu, umeishika nguzo, kidole kimepinda juu ya jiwe, naye akijikokota kusimama, machozi yamemlenga. Lubaba akajua ameazimia nini. Mzee yule alikuwa tayari kuivua sitara aliyoilinda kwa njaa yake yote, aivue mbele ya wanafunzi wake, ili mwokaji asifungwe.

"Sitaji," alisema Lubaba kwa sauti kubwa, na akaupiga chini mti wake wa mikate, macho yote yakamgeukia. "Wala msitazame huku na huku kumtafuta. Nimepewa mikono ya watu iwe amana kwangu. Siku ya Kiyama nitaulizwa juu yake, nanyi hamtakuwapo kunijibia. Nifungeni. Lakini kabla hamjanifunga, Shekhe wangu, nina swali juu ya mlango."

Mwalimu akarudi chini taratibu, akaiegemea tena ile nguzo. Hakuna aliyemwona.

"Uliza," alisema Kadhi.

"Mlango ule mliouweka ni wa nani?"

"Ni wa kila anayeomba kusaidiwa na mali za watu."

"Kila anayeomba?"

"Kila anayeomba."

"Leo ni nani anayeomba?" alisema Lubaba. "Mimi nimemsikia Bwana Wali kwa masikio yangu akisema mji umekuwa mhitaji, na anataka nafaka kutoka majikoni mwetu. Sawa. Tutampa. Lakini mpasua mawe akitaka mkate mmoja anaambiwa aape kwamba hana cha kula wala hana kitu nyumbani cha kuuza. Na baraza linalotaka mkate wa kila nyumba, je, litapita dirishani? Msahafu wa msikiti ule pale. Kiapo mmekitunga wenyewe. Piteni mlangoni."

Wali akawa mwekundu usoni. "Huyu mwanamke anataka kuliapisha baraza?"

"Sitaki mimi. Shekhe ndiye aliyesema mustahiki wa kweli hataogopa."

Watu wote wakamtazama Kadhi. Nimesema hakuwa mtu mbaya, na hapa ndipo inapoonekana. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, na sasa aliona kwamba jambo lake mwenyewe limepinda. "Bwana wangu," alimwambia Wali, "hoja yake ni sahihi. Ama tuape, ama tukiondoe kiapo kwa wote."

Wali akamgeukia mwekahazina kwa hasira. "Asbagh, wewe ndiye mwenye funguo. Apa, yaishe."

Mzee Asbagh akasimama, sauti yake ikiwa haitetemeki hata kidogo. "Mimi niliapa siku niliyopewa funguo, Bwana Wali, kwamba sitaficha wala sitadanganya. Baitulmali haina kitu, kweli. Lakini kiapo kinasema hatuna kitu cha kuuza. Marumaru iko bandani haijatandikwa. Farasi wako zizini wanakula shayiri. Siapi."

Hapo manung'uniko yakawa kelele, na wako waliosimama. Wali Jundub akaona kwamba akirudi nyuma amevunjika, na akienda mbele ameapa. Kiburi kikamsukuma. Akaufuata msahafu, akaweka mkono wake wa kuume juu yake, pete ya muhuri ikang'aa kidoleni. "Wallahi," alisema, "sisi hatuna cha..."

Akakwama. Alikuwa mtu wa makuu, lakini alikuwa Mwislamu, na alijua yuko mbele ya nani. Mkono ulianza kutetemeka juu ya jalada.

Lubaba alikuwa karibu naye, akautazama mkono ule. Na inasemwa kwamba hasira yote aliyokuja nayo iliondoka wakati ule, kwa sababu aliujua mtetemeko wenyewe. Ndivyo ilivyotetemeka mikono yote siku ya kwanza tunduni. Hakuvumilia kuuona ukingoja.

"Inatosha, Bwana Wali," alimwambia kwa upole. "Ondoa mkono. Sikutaka uape. Nilitaka uone mlango wako ulivyo."

Wali akauondoa mkono. Kisha akasema maneno ambayo watu wa Rashwana waliyakumbuka kuliko hotuba zake zote. "Hatuapi," alisema. "Wala asiape mtu mwingine mlangoni pale. Kadhi, ondoa kiapo chako. Asbagh, uza marumaru na uuze farasi, na kodi ya majiko tumeifuta." Akaondoka kwa miguu, na hakuna aliyemzomea, kwa kuwa Lubaba aliwageukia watu akiwa na ule mti mkononi, na kila mmoja akaona ni afadhali kunyamaza.

Kadhi Muhallab alitimiza neno lake hata pasipo kutajiwa jina. Alikwenda mwenyewe uchochoroni, akaondoa matofali yaliyobaki, kanzu yake ikajaa vumbi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akirudi alipitia nguzoni, akambusu Mwalimu wake kichwani na kumwomba dua, kama alivyofanya kila Ijumaa. Mpaka anakufa hakujua kwamba alikuwa amembusu yule shahidi aliyemtaka.

Kesho yake mikono ikarudi. Lubaba akagawa mikate mpaka jua likachomoza, na mkono wenye kidole kilichopinda haukuja. Akazuia mikate miwili ikapoa. Zubda hakufanya mzaha wowote siku ile. Siku iliyofuata wote walikuja wakaondoka, uchochoro ukawa kimya, na Lubaba alipokuwa tayari kulifunika tundu, mkono ule ukaingia, wa mwisho kama desturi yake, mwembamba, msafi. "Bismillahi," alisema Lubaba, akauwekea mikate mitatu. Mkono ukairudisha miwili, kisha ukatoka.

Zikapita siku. Marumaru ikauzwa, daraja likajengwa, na wageni wakubwa waliofika Rashwana wakapokelewa katika ukumbi wa sakafu ya udongo, wakasema wamepokelewa vizuri. Asubuhi moja ukaingia tunduni mkono ambao Lubaba hakuwahi kuupa mkate. Ulikuwa mnene, laini, na kidoleni palikuwa na alama nyeupe ya pete iliyovuliwa. Ulikuwa umeshika mfuko. Lubaba hakuuliza. Alisema "Bismillahi," akaupokea mfuko, akaona umejaa shayiri safi, ile wanayolishwa farasi wa thamani. Mkono ukabaki pale kidogo, umefunguka, unatetemeka. Lubaba akachukua mkate wa moto, akauweka kiganjani. Mkono ukaufumbata, ukaenda zake.

Msiniulize mimi nimejuaje, ilhali Lubaba alizificha siri za watu. Zubda ndiye aliyeona mifuko ya shayiri ikirudi mara kwa mara, na uzeeni, watu wengine wote wa kisa hiki walipokuwa wamekwisha kwenda kwa Mola wao, alisimuliwa na Lubaba habari ya mikono bila majina, naye akawasimulia wapokezi.

Ewe ndugu uliyepewa kusimamia riziki za watu, mwaka mbaya utakuja, na nakisi itakuja, na utakaa barazani na wenzako mtafute pa kupunguza. Utakapotaja unga wa maskini kwanza, kumbuka ni kitu gani umekalia. Na ukiweka mlango wa kupita wanaoomba, upite wewe mwenyewe kabla yao, na mkono wako juu ya msahafu, uone kama ulimi utamaliza maneno. Mwenyezi Mungu ampe Lubaba nuru katika kaburi lake, na atusitiri sisi na wote wanaolala na njaa jirani na sisi tusiowajua.